Mstari Uliokatika wa Kisima cha Chini

Bibi Yeom alikutwa asubuhi kando ya Kisima cha Chini, amekufa, ndoo imepinduka. Daktari akasema ni arseniki. Kwa kuwa grafu ya maabara ilionyesha maji ya kisima hicho ni safi tangu masika, kijiji kizima cha Dolmoe kilimgeukia mlinzi wa kisima na mpimaji wa maji yake, Mzee Pyo: kama si yeye aliyetia sumu, ni nani?

Mpelelezi Na Bok-hui alimkuta mzee ameshafungwa pingu.

"Uligombana na marehemu?"

"Kila siku, afande, isipokuwa Chuseok, sikukuu ya mavuno, nilipokwenda kufyeka kaburi la mama. Aliniita mbwa mzee. Sasa nani ataniita?"

Bok-hui akaenda maabara. Mtaalamu Ku Jae-heon akamfungulia kompyuta. Mstari mwekundu ulikuwa juu, kwenye arseniki nyingi, wa buluu chini. Kisanduku cha pembeni kilitaja majina: mwekundu ni Kisima cha Juu, cha watawa, wa buluu ni cha Chini.

"Huu mwekundu mbona umekatika hapa?"

"Ilikuwa Chuseok. Watu walikuwa makaburini kwa wazee wao, hakuna aliyepima. Wewe hukwenda?"

Bok-hui akapanda mlimani kwa watawa. Mtawa mkuu akacheka kidogo.

"Makaburi yapi, mwanangu? Sisi dunia tuliiacha. Tulipima kila siku, Chuseok na siku zote."

Aliporudi maabara hakuketi.

"Aliyekwenda kufyeka kaburi la mama yake ni Mzee Pyo. Mstari uliokatika ni wake, wa Kisima cha Chini. Nionyeshe maagizo ya grafu."

Ku akayafungua. Ndani ya maagizo hayo, ya lugha ya kompyuta ya Python, kila mstari wa grafu ulikuwa na jina lake la kweli. Lakini chini kabisa, mkono wa mtu ulikuwa umekiamuru kisanduku kiandike majina mengine, Juu mahali pa Chini.

"Kaka yangu huosha kabichi kwa maji yale," Ku akasema. "Kimchi, achari ya kuuza mwaka mzima, afande. Nilisema msimu upite, nitayarudisha majina."

"Na wanaokunywa?"

"Nilidhani wanachemsha."

"Hukudhani hivyo. Wewe ndiwe mtaalamu."

Ku akainamisha kichwa, akanyoosha mikono.

Kituoni Bok-hui alimfungua Mzee Pyo mwenyewe. "Nisamehe, mzee. Uko huru. Sumu ilitoka mgodi wa zamani unaovuja kisimani, na mtu aliyejua akanyamaza."

Mzee hakuinuka. "Mimi nami nakunywa pale pale," akasema, akamfunulia viganja. Vilikuwa vimejaa sugu nyeusi, ngumu kama punje, alama ya arseniki.

Bok-hui alivitazama. Akavuta kiti, akaketi naye.