Somo la Moyo Lililoishia Njiani

Kila siku baada ya kipindi cha mwisho, Chapchap alikuwa wa kwanza kufika chumba cha kompyuta. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu hakujua kungoja: mtihani alimaliza kabla ya wote, kisha akalia kwa makosa ya kizembe. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na ndiye kiongozi wa klabu ya kompyuta.

Klabu yenyewe ilikuwa hoi. Kompyuta zote ishirini zilichukua masomo kutoka kompyuta moja kongwe iliyokuwa ofisini. Wanafunzi wakiomba somo kwa pamoja, ile kongwe ilizidiwa ikakwama, nao wakabaki kukodolea macho kiduara kinachozunguka. Mwalimu Mkuu, mama asiyependa longolongo, alikuwa amechoka.

"Ijumaa nakuja kutazama somo moja tu, mwanzo mpaka mwisho," alisema. "Likikwama, chumba hiki naweka madawati mabovu. Nimevumilia vya kutosha!"

Ndipo Chapchap alipomwomba mjomba wake, fundi wa mitandao, aje kuwasaidia.

"Kila kompyuta hapa inaitafuta kompyuta ya ofisini," mjomba alisema. "Kwani mnachotaka ni ile kompyuta, au ni somo?"

"Somo," alijibu Kifutio, rafiki yake Chapchap, aliyeitwa hivyo kwa tabia ya kufutafuta kila alichoandika.

"Basi tuulize somo kwa jina lake! Nani ana somo la moyo? Jirani akiwa nalo, chukua kwake. Ofisini mnakwenda wote kufanya nini?"

Akaupanga mtandao upya, ila kwa sharti moja. Aliandika ubaoni namba ndefu ya uhakiki ya somo la moyo, lile la Ijumaa; somo likipungua hata kidogo, namba hiyo hubadilika. Kila anayepokea somo alinganishe namba ya kwenye skrini yake na ile ya ubaoni, tarakimu kwa tarakimu. Zikilingana, abonyeze "Kamili", ndipo kompyuta yake ianze kuwagawia wengine.

Alhamisi Chapchap alikuwa wa kwanza kuchukua somo ofisini. Lilifika robo tatu likasimama. Alingoja, akagonga meza, akangoja tena. Namba iliyotokea hata hakuisoma. "Litakuwa limeisha tu," alijisemea, akabonyeza "Kamili". Wenzake wakalichukua kwake haraka haraka. Nao hawakutazama ubaoni, maana kiongozi alishahakiki, wao ni nani?

Ijumaa Mwalimu Mkuu aliketi mbele, miwani puani. Skrini ishirini ziliwaka pamoja. Somo lilikwenda vizuri mpaka sauti iliposema, "Damu ikishatoka kwenye mapafu, hurudi moyoni, na moyo hu..."

Kimya. Skrini zote ishirini, mahali pale pale.

"Moyo hufanya nini?" Mwalimu Mkuu aliuliza. "Huenda likizo?"

Hakuna aliyethubutu kucheka. Mjomba, aliyekuja kushuhudia, aliingia chini ya meza. Alichomoa waya, akachomeka, akazima, akawasha. Moyo ukaishia pale pale. Akarudi chini, shati jeupe likageuka rangi ya vumbi.

"Waya mzima! Swichi nzima! Jamani, nitapata wazimu mimi!"

Chapchap alisimama kando. Alishajua kosa liko wapi. Kila mara alipotaka kusema, alimtazama Mwalimu Mkuu, akarudi nyuma hatua moja. Dakika arobaini zikapita.

Hatimaye mjomba alisema kwa unyonge, "Mwalimu, naomba radhi. Pengine mpango wangu ndio mbovu."

"Basi madawati yaletwe," Mwalimu Mkuu alisema, akainuka.

"Hapana!" Chapchap alipaza sauti. "Mpango hauna kosa. Kosa ni langu. Somo halikuisha, nami nikabonyeza 'Kamili'."

Mjomba alijitokeza, akagonga kichwa kwenye meza. "Mimi natambaa chini kama mjusi, na wewe unaniangalia tu?"

"Nisamehe, mjomba. Niliogopa."

Mwalimu Mkuu aliketi tena, akashusha pumzi ndefu. "Lifuteni. Nangoja."

Chapchap alilichukua somo upya. Lilikawia kama kwa makusudi, lakini safari hii hakugonga meza. Kifutio alisoma namba ya ubaoni, naye akaifuatisha kwenye skrini kwa kidole. Zililingana. Wenzake pia wakahakiki, kila mmoja kwake. Moyo ukasukuma damu mwilini, somo likafika mwisho.

"Chumba kinabaki," Mwalimu Mkuu alisema, akatoka kabla hawajamaliza kushangilia.

Mjomba alimkalisha Chapchap. "Sikiliza, mwanangu. Katika mtandao huu hakuna anayejali somo limetoka kwa nani. Wanaliamini lile neno 'kamili'. Wenzako kumi na tisa waliliamini jana, nami leo nikalaumu kazi ya mikono yangu kwa sababu yake. Ukisema jambo limekamilika, liwe limekamilika. Kama bado, sema bado. Hakuna atakayekupiga kwa neno bado."

"Na shati lako, mjomba, limetakata?"

"Hilo," mjomba alisema akijipangusa, "bado."