Jina la Mdudu wa Kaharabu

Jokha aliuchora mguu wa mbele wa kushoto wa mdudu yule ukiwa umekunjwa. Hilo alikuwa na hakika nalo, maana kabla ya kazi hii aliwachora hina na piko maharusi wa mtaa wa Satwa, huko ughaibuni kwa Waarabu, kwa miaka tisa, na mkono wa mchora hina hausahau mstari. Lakini Jumapili asubuhi alipoinamia tena hadubini, mguu ule ulikuwa umenyooka.

Akasugua macho. Mdudu mwenyewe alikuwa mbawakawa mdogo kuliko punje ya mchele. Zamani za zamani alinaswa na utomvu wa mti, utomvu ukaganda, ukawa jiwe la rangi ya asali. Ndiyo kaharabu hiyo, ile wanayotungia tasbihi watu wenye pesa zao. Daktari Raed, Mlebanoni mwenye villa mtaa wa Mirdif na chumba cha kazi uani, alikuwa akimwandikia mdudu huyo maelezo ya kisayansi: aina mpya, haijapata kuonekana na mtu. Yeye anaandika, Jokha anachora.

"Daktari, mguu umesogea."

Daktari alicheka, akamwita mama wa Hilwa kwa Kiarabu, kama kawaida yake. "Um Hilwa, huyo amekufa miaka milioni mia na zaidi. Macho yamechoka. Yalla, kunywa chai."

Basi akafuta, akachora upya. Huo ndio ubaya wa kufanya kazi na wasomi: ukiona kitu, wanakwambia umechoka.

Jina nalo lilitokana na wema tu. Mwaka huo wa 2004, shule zilipofungwa, Jokha alikuwa akija kazini na bintiye Hilwa, mtoto wa miaka saba. Ni Hilwa aliyekiokota kipande kile cha kaharabu sandukuni mwa Daktari, akakiinua dirishani na kusema, "Mama, humu mna mtu." Daktari alifurahi mno. Wenzake wana desturi ya kumpa mdudu jina la aliyemwona kwanza, naye akaandika la Hilwa, akalivika mkia wa Kilatini, akalipeleka kwenye jarida la Ulaya. Jokha aliona fahari, kwa nini asione? Akawapigia simu ndugu wote wa Unguja. Akampigia na mumewe Taib, aliyekuwa Dar es Salaam akiuza vipuri vya magari alivyonunua sokoni Ras Al Khor, mji huo huo wa Satwa. Taib sauti ilimtetemeka kwa furaha kwenye simu, maana jina hilo lilikuwa la marehemu mama yake.

Wiki ile jarida lilipochapwa, chumba cha Hilwa kilianza kunuka ubani, na nyumbani hakuna aliyefukiza.

Siku ya pili, saa sita mchana, jua la utosini, Jokha alikuwa jikoni akaita, "Hilwa!"

"Labeka," akaitika mtoto kutoka sebuleni, kama alivyofundishwa na baba yake.

"Labeka," ikaitika sauti ile ile kutoka ndani ya kabati la chumbani kwa mtoto.

Jokha akakimbilia chumbani. Alilifungua kabati, akapekua nguo moja moja, hakuona kitu. Tangu hapo mtoto akawa anabadilika. Akaacha kula, akaacha kucheza, akawa anakaa kwenye kona amekunja magoti na mikono kifuani, hapepesi macho, na jasho lake likawa zito, la manjano, linalonata kwenye mto, kiasi kwamba asubuhi Jokha alimbandua shavu polepole kwa maji ya vuguvugu huku akilia, na kila siku viungo vile vidogo vilizidi kukakamaa, na kila siku ndani ya kabati kitu kilizidi kukwaruza, kwaru, kwaru, kama kinachojifunza kutembea.

Akambeba mpaka kwa Bi Kuruthum, bibi mganga wa Kiunguja aliyekaa nyuma ya duka la washonaji, Satwa. Bibi alimfukiza mtoto kwa mvuje, utomvu wenye harufu kali, mpaka chumba kizima kikakohoa.

"Jina lako nani?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Hilwa," kikajibu kinywa cha mtoto.

"Hilwa ni huyu mtoto. Nakuuliza wewe."

"Na mimi ni Hilwa. Mama yake kanichora, daktari kaniandika. Nilikuwa sina jina, bibi. Nimekaa mle siku nyingi, hakuna aliyeniita."

Bi Kuruthum alimvuta Jokha pembeni.

"Jini hutolewa kwa jina lake, mwanangu. Nikisema Hilwa toka, sijui atakayetoka ni nani. Nenda kalifute jina hilo huko mlikoliandika."

Jokha alimwacha mtoto kwa bibi, akachukua teksi mpaka Mirdif. Daktari alimsikiliza hadi mwisho, hakucheka safari hii, lakini alitikisa kichwa.

"Um Hilwa, khalas, limeshachapwa. Kanuni zetu ndivyo zilivyo. Jina likishatoka halifutwi. Hata mimi niliyelitoa sina ruhusa."

Akamwekea jarida mezani. Katika mchoro wake mwenyewe, Jokha aliiona miguu yote sita imenyooka. Hakuchora hivyo.

Aliporudi na jibu hilo, Bi Kuruthum akamsogelea mtoto. "Basi la mdudu likibaki, la mtoto litoke." Akaliinamia sikio la kulia la yule mtoto, akamnong'oneza jina jipya mara tatu: Nana, Nana, Nana. Kisha akasimama, akapaza sauti: "Hilwa! Toka!"

Kitu chepesi kilipita juu ya mkeka, tiki tiki tiki, kikapenya chini ya mlango. Mtoto akapepesa macho. "Mama, nina kiu." Jokha alilia mpaka akapaliwa.

"Sikiliza vizuri," alisema Bi Kuruthum. "Jina lile lisitajwe nyumbani kwenu. Akiitwa na mwenye nyumba ndani ya nyumba, atarudi, na mara ya pili simwezi. Mwambie baba yake leo leo."

"Inshallah, bibi."

Na hapo ndipo Jokha alipokosea, na mimi simlaumu sana. Kila alipoinua simu aliikumbuka ile sauti ya Taib ilivyotetemeka. Utamwambiaje mtu, kwa simu, kwamba jina la mama yake umemwachia jini? Akasema atamweleza uso kwa uso, Ijumaa, siku anayorudi.

Taib alirudi Jumatano baada ya alasiri, ili awashtukize.

Jokha alikuwa jikoni anakanda unga, Nana kasimama kando yake anakula tende, mlango ulipofunguliwa na sauti ikajaa nyumba nzima: "Hilwa! Baba kaja!"

Jokha alimziba mtoto mdomo kwa kiganja chenye unga. Mtoto alimtazama tu, wala hakujaribu kuitika. Nyumba ilikuwa kimya. Jokha akaanza kuvuta pumzi, akafungua kinywa amwite mumewe, na hapo harufu ya ubani ikamfikia puani.

"Labeka, baba," ikaitika sauti ile ile kutoka kabatini, chumbani.

Taib alicheka kwa furaha, akatua mizigo yake, na Jokha akamsikia anafungua mlango wa kabati.