Njia ya Puani

Katika kichochoro cha watengeneza bangili mjini Jaipur, Sughra hakuwa na mpinzani. Akikushika kiganja mara moja tu, amekwishajua bangili itakayokutosha. Mumewe, Ilyas, alilainisha lakiri, utomvu mgumu wa kuundia bangili, juu ya makaa. Sughra aliikunja na kuipamba kwa vioo.

Lakini mkono wake mwenyewe ulimshinda. Kwa miaka miwili bangili zake zilimbana, akabadilisha mara tatu. Sasa hata viatu alivaa vya Ilyas.

"Unakua kama mtoto wa ngamia," Ilyas alimtania. "Mwakani utataka na kofia yangu!"

"Kofia yako haimtoshi hata paka. Nipishe huko!"

Walicheka. Sughra hakumwambia kwamba kichwa kilimuuma kila siku, wala kwamba alikuwa akijigonga milangoni. Halafu siku moja aligeuka, akalipiga teke jiko la makaa lililokuwa ubavuni pake. Makaa yakatapakaa sakafuni.

"Hukuliona?" Ilyas aliuliza.

"Wallahi sikuliona."

Hapo hakucheka mtu.

Kesho yake alikuja Kamlesh, muuguzi wa zahanati ya jirani, kununua bangili za harusi ya mpwa wake. Aliushika mkono wa Sughra, asiuachie.

"Leo wewe ndiye unayenipima?" Sughra alisema.

"Dada, hebu nione picha yako ya harusi."

Kamlesh aliitazama picha, akamtazama Sughra. Taya lilikuwa limepanuka. Pua imenenepa. Akasimama mbele yake.

"Fumba jicho moja. Nitazame puani tu. Vidole vyangu nikivileta kutoka pembeni, sema utakapoviona."

Sughra alingoja. Vidole vilikaribia kabisa mbele ya uso wake ndipo akaviona.

"Twende hospitali kubwa," Kamlesh alisema. "Si mwakani. Wiki hii."

Huko walimpima damu na kumpiga picha ya kichwa. Daktari Bordia, mama mpole, aliwaonyesha picha hiyo.

"Chini ya ubongo, nyuma ya pua, kuna tezi ndogo kama punje ya dengu. Yako imeota uvimbe. Si saratani. Lakini unatoa homoni ya ukuaji kupita kiasi, na unaibana mishipa ya macho."

"Mtanipasua kichwa?" Sughra alijishika kichwa.

"Hapana. Tutapitia puani kwa mrija mwembamba wenye taa na kamera. Tutatoboa kijitundu kwenye mfupa wa nyuma, tuutoe uvimbe. Utakuwa umelala, hutasikia kitu. Usoni hakuna kovu."

"Daktari, pua ilivyokua hiyo, hata mimi napita," Ilyas alisema. Sughra akamfinya.

"Hatari je?" Sughra aliuliza.

"Zipo, ingawa si za mara nyingi. Damu, au maji ya ubongo kuvuja. Lakini ukikaa hivi, macho yatakwenda."

Sughra akakubali.

Siku ya upasuaji, Ilyas alikaa nje saa tatu nzima amevikumbatia viatu vya mkewe. Hakukumbuka hata kwamba ni vyake mwenyewe.

Sughra aliporudi nyumbani, Kamlesh alimwonya. "Usipenge kamasi. Usiiname, usibebe mzigo. Chafya ikija, fungua mdomo. Maji maangavu yakichuruzika puani, au ukipata kiu isiyokwisha, au macho yakififia, rudi hospitali siku hiyohiyo."

"Pilipili zote nimeshagawa kwa majirani," Ilyas alisema.

Wiki zilipita. Kichwa kiliacha kuuma, viganja vikapungua uvimbe. Taya lilibaki vilevile, maana mfupa ukishakua haurudi. Kila baada ya miezi kadhaa alikwenda kupimwa damu.

Alasiri moja Sughra alikuwa akibandika vioo, sahani ya vitamu vya jalebi iko ubavuni pake. Mkono wa Ilyas ukanyemelea, ukachukua moja.

"Rudisha," Sughra alisema, bila kugeuka.

Ilyas aliganda. "Umeniona?"

"Nimekuona. Rudisha!"

Akairudisha. Akaichukua tena kwa upande wa pili.

"Nimekuona, Ilyas."

Akairudisha tena, machozi yakimlengalenga, kisha akaunyoosha mkono mara ya tatu, apate tu kulisikia tena lile neno "nimekuona."