Maswali kwa Wazima

Mshonaji alikutwa amelalia cherehani, sindano imemtoboa kidole. Alikuwa wa tatu kufa kiwandani humo. Wengine kadhaa walikuwa hospitalini wakitapika damu.

"Muuaji tunaye," Sajini alimwambia Inspekta. "Mama Chai. Wote waliougua walikunywa chai yake."

Mama Chai alikuwa mahabusu, uso umevimba. Marehemu mmoja alikuwa mkamwana wake. Aliyempiga Mama Chai ni mwanawe wa kumzaa.

"Na wazima?" Inspekta aliuliza.

"Wazima niwaulize nini, afande? Si wazima!"

Kichwa cha Sajini kilikuwa cha kuvalia kofia tu.

Kwa kila mgonjwa, Inspekta alichagua wazima wawili wa rika lake, zamu ileile, safu ileile. Wote wakaulizwa maswali yaleyale: ulikula nini, ulikunywa nini, nani alikupa nini? Sajini alikatazwa kutaja chai, maana mtu akijua unachotafuta, atakikumbuka hata kama hakikuwapo.

Sajini alirudi amenywea. "Wazima nao wanakunywa chai ileile, afande. Tena wengine wanaongezewa."

"Basi chai haituambii kitu. Wametofautiana wapi?"

"Vidonge. Wagonjwa wote walipewa na Msimamizi, eti vya kuongeza damu. Kwa wazima ni mmoja tu aliyepewa, na alivitupa chooni. Vichungu, anasema."

Vidonge vilikamatwa kwenye droo ya Msimamizi. Maabara ikathibitisha sumu. Msimamizi mwenyewe, mwanamke, aliletwa kuhojiwa, kucha zimepakwa rangi vizuri.

"Uliwachaguaje?"

"Walikuja wenyewe. Wananiita dada. Wananinong'oneza wana mimba, niwape kazi nyepesi."

"Ukawapa sumu."

"Nilitaka mimba zitoke tu. Oda haimsubiri mtu ajifungue."

"Na wa kwanza alipokufa?"

"Nilipunguza dozi."

Alilisema hilo kama mtu anayetegemea kushukuriwa. Inspekta alitamani kumzaba kibao. Akamsainisha maelezo yake.

Kisha alikwenda mwenyewe kumfungulia Mama Chai, akamweleza yote. Mwanawe alikuwa nje ya kituo, hana ujasiri wa kuingia.

"Mkamwana wangu alikuwa na mimba?"

"Ndiyo, mama. Miezi minne."

Mama Chai alikaa tena kwenye sakafu ya mahabusu.

"Na mimi kila siku namtania," alisema, "kwamba chai yangu inamnenepesha."