Chepkoech na Sauti ya Kuazima

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini hospitalini, mama alimsuka Chepkoech nywele huku akimsikiliza akisoma. Tangu wahamie Birmingham kutoka Kericho, mama alikuwa na sharti moja.

"Lainisha ulimi, mwanangu. Soma kama wenzako wa hapa, wasije wakakudharau."

Chepkoech alitii. Lakini darasani akili yake yote iliishia kwenye kuiga matamshi, akapotea katikati ya sentensi. Mwalimu Davinder alimweka kwenye meza ya wanaoanza kusoma, ingawa alikuwa na miaka kumi.

"Hicho kitabu mdogo wangu alishakimaliza," rafiki yake Muzamil alimtania.

"Basi mlete anifundishe," Chepkoech akajibu. Walicheka, lakini machozi yalimlengalenga. Ijumaa wangepimwa tena, na asiyepanda daraja angebaki meza ile muhula mzima.

Ijumaa, kabla ya kupimwa, mvua ikawazuia kutoka nje wakati wa mapumziko. Muzamil alikuwa amesahau miwani yake, akaomba asomewe kitabu chake kinene cha maharamia. Chepkoech akasoma kwa sauti yake ya Kericho bila kukwama, nahodha akinguruma na mpishi akilalamika, hata Muzamil akasahau kula tofaa lake. Mwalimu Davinder alikuwa amesimama mlangoni.

"Chepkoech, mbona mimi hunisomei hivyo?"

Angeweza kusema amekariri. Akainamisha kichwa. "Mama aliniambia nisome kama ninyi, mwalimu. Nikifanya hivyo, hadithi inanitoka."

Jioni mama alipokuja kumchukua, mwalimu alimweleza yote.

"Nilitaka kumkinga tu," mama alisema. "Kazini wananicheka nikijibu simu."

"Kosa ni langu pia, Mama Chepkoech. Nilisikiliza matamshi yake, sikumuuliza ameelewa nini. Meza ile yote ni watoto wa familia zilizotoka Afrika na Asia, na sikushtuka. Jumatatu nitawasikiliza wote upya. Chepkoech nimeshampima kwa masikio yangu; leo anahamia meza ya Muzamil, ya vitabu vya maharamia."

Mama alimvuta binti yake kifuani. "Nisamehe. Aibu ilikuwa yangu, nikakubebesha wewe."

"Umetusaidia sote kwa kusema kweli," mwalimu akamwambia Chepkoech. "Kusoma ni kuelewa, na kumfanya anayekusikiliza aelewe. Kwa kazi hiyo, sauti yako mwenyewe inatosha."