Ukuta wa Konokono

Kidole akitoka shule hakuwa na muda wa kuzubaa. Anavua sare, anafua kola na mikono ya shati kwenye beseni kwa sababu shati jeupe ni hilo hilo moja, anakula kilichofunikwa, halafu anakaa kwenye ncha ya meza kubwa ya sebuleni na kuanza kazi. Wenzake walikuwa wanateka maji, wanauza dukani, wanabeba wadogo zao mgongoni. Yeye kazi yake ilikuwa kuanguka.

Usicheke, ndivyo ilivyokuwa. Kaka yake alikuwa anatengeneza gemu ya simu, peke yake, mwaka wa pili huo. Ndani ya gemu kuna konokono mdogo na kuta kadhaa, kila mmoja wa matofali thelathini. Ukigusa kioo, konokono anapanda. Ukigusa kwa pupa, anateleza mpaka chini, unaanza upya. Basi, hakuna bunduki wala magari. Kaka alisema dunia imejaa vitu vya kumkimbiza mtu, acha yeye atengeneze kimoja cha kumtuliza.

Meza yenyewe ilikuwa nusu ya mama, nusu ya kaka. Mama ni fundi cherehani, na nyuzi zake zilikuwa zinaingia kwenye kompyuta mpaka inakohoa. Kila Jumamosi kaka anaifungua kwa bisibisi na kuisugua ndani kwa mswaki mkuukuu, na mama anamwambia hiyo mashine yako inakula nguo kuliko panya.

Kaka alikuwa na sheria moja, na hiyo hakuifanyia mzaha. Hakuna ukuta unaotoka ndani ya nyumba mpaka Kidole aanguke mara mia moja, na kila anguko liandikwe kwenye daftari: tofali la ngapi, na kwa nini. Alisema aliyejenga nyumba haoni nyufa zake. Tena vidole vyake mwenyewe vilikuwa vizito kama vya mpiga zege, wakati mdogo wake huyo wa kike alikuwa na kidole gumba chepesi ajabu. Ndiyo maana ya hilo jina, na hata shuleni lilimganda.

Sasa, ilipofika zamu ya ukuta wa mwisho, Kidole alikuwa ameanguka mara arobaini na moja, gumba linamuuma, na rafiki yake Domo amekuja dirishani kumwita. Uwanjani kulikuwa na mashindano ya kuruka kamba, na timu yao imepungukiwa mtu. Kaka alikuwa ametoka kutafuta waya. Kidole akaangalia daftari, akaangalia dirisha. Kisha akaketi akaandika maanguko hamsini na nane ambayo hayakutokea. Tofali la kumi na saba, niliharakisha. Tofali la ishirini na mbili, jasho. Alibadilisha kalamu katikati ili ionekane kazi ya siku mbili. Na kwa vile alijua kwamba asipofika juu hata mara moja kaka ataubomoa ukuta aujenge upya, na yeye aanze tena kuanguka, kwenye mstari wa tisini na tatu aliandika: Nimefika juu. Akafunga daftari, akamfuata Domo uwanjani.

Kaka alisoma daftari lote akiwa amesimama. Akamshika mdogo wake kichwani, akasema ugumu aliokuwa anautafuta ndio huo, wa mara tisini na tatu. Kesho yake gemu ikaingia mtandaoni.

Mwezi wa kwanza ilichezwa na watu arobaini, na nusu yao walikuwa wateja wa mama waliokuja kupimwa magauni. Halafu mchekeshaji mmoja wa mtandaoni akajirekodi akiicheza. Kwenye ukuta wa mwisho alifika tofali la ishirini na tisa, akaanguka. Akafika tena, akaanguka. Akalia machozi ya kweli, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, kisha kila mmoja akataka kujaribu. Hazikupita wiki mbili konokono alikuwa kwenye simu za mamilioni ya watu, mpaka nchi ambazo Kidole hakuweza kuzitamka. Muuza maziwa alikuwa anamwaga maziwa kwa sababu yake. Nesi wa zahanati aliwaambia wagonjwa wasubiri, yuko tofali la ishirini na nane.

Lakini hakuna hata mmoja aliyepita tofali la mwisho. Watu wakaanza kuuliza kama ukuta huo una mwisho kweli, na hiyo ndiyo iliyozidi kuivumisha, maana binadamu ukimwambia haiwezekani umemwita. Kaka alikuwa anajibu bila kusita kwamba unapitika, mdogo wake ameupita, mara ya tisini na tatu. Redio ikaja mpaka nyumbani, wakamwekea Kidole kinasa sauti mdomoni, wakamuuliza kama ni kweli. Mama alikuwa anatabasamu na kaka alikuwa anatabasamu. Kidole akasema ndiyo.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Kidole ilikuwa ndefu, tena ilipambwa. Shuleni alikuwa malkia. Wakubwa wa darasa la juu walimpisha bombani. Wakimletea simu awaonyeshe, anasema gumba linamuuma, mpaka ikabidi alifunge plasta asiyoihitaji. Domo peke yake ndiye alikuwa anamtazama kwa jicho la pembeni, kwa sababu alikumbuka ile siku ya kamba, jinsi Kidole alivyotoka upesi, na hesabu zilikuwa zinamkataa.

Kisha watu wakachoka kuanguka, na sifa zikageuka matusi. Wakamwita kaka tapeli, wakamwita mwongo. Ujumbe uliingia kama mvua ya mawe, na yeye akawa anausoma wote. Mama akimwambia aache, anajibu kwamba hao watu wamempa muda wao, angalau awasome. Akaacha kula vizuri. Macho yakawa mekundu, mashavu yakabonyea, suruali mama akaipunguza kiuno mara mbili. Nyumba iliyokuwa na mzaha kutwa ikabaki na mlio wa cherehani tu.

Alasiri moja Kidole alimkuta kaka mezani na simu mkononi, hasogei. Alikuwa amepata ujumbe kutoka kwa mama mmoja wa mbali. Hakutukana huyo mama. Aliandika kwamba ana mtoto wa miaka kumi na moja aliyeacha kwenda shule kwa ajili ya ukuta. Gumba lake limevimba, hali chakula, akinyang'anywa simu anatetemeka. Mwishoni aliuliza swali moja tu, amwambie ukweli kama ambavyo angemwambia mama yake mwenyewe, huo ukuta una mwisho au hauna.

"Nimemjibu una mwisho," kaka alisema. "Nimemwambia amwache apumzike, atafika, mdogo wangu alifika." Halafu akafungua kiganja. Gumba lake lilikuwa limechubuka. "Na mimi nimejaribu, mara mia nne na kitu. Nimeshindwa na ukuta wangu mwenyewe. Nilidhani ni hivi vidole vyangu. Hebu nionyeshe mara moja tu, mdogo wangu. Mara moja, nipate usingizi."

Akamsogezea simu.

Kidole aliipokea. Konokono alikuwa chini ya ukuta, anangoja. Aligusa mara tatu, akamwona anapanda, na ghafla hakuweza kuona kitu kwa sababu ya machozi.

"Kaka, sikufika."

"Sasa hivi?"

"Hata ile siku. Niliandika tu."

Cherehani ikanyamaza. Mama aliacha mguu wake juu ya kanyagio, hakugeuka.

Kaka hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu angepiga. Aliuliza alianguka mara ngapi za kweli, Kidole akasema arobaini na moja, na yeye akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeambiwa jina la ugonjwa wake. Akageukia kompyuta. Chungu kilichokuwa jikoni hakijachemka, alikuwa ameliona kosa. Tofali la mwisho lilikuwa limekaa juu kidogo tu, unene wa unywele, kuliko hatua ndefu kabisa ya konokono. Hakuna binadamu angelipita. Kama Kidole angeendelea kuanguka, kufika anguko la mia wangekuwa wamelijua, wakiwa wawili tu, ndani ya nyumba, kabla dunia haijaingia.

Kwanza alimwandikia yule mama. Kisha akawaandikia wote: ukuta ulikuwa na kosa, nilisema unapitika na haukuwa unapitika, naomba radhi, kosa ni langu. Jina la Kidole hakulitaja. Akalishusha tofali, na siku hiyo hiyo konokono akafika juu mikononi mwa maelfu ya watu.

Ungedhani wangeshangilia. Walikasirika zaidi. Wengine wakasema kumbe rahisi hivi, wengine wakadai warudishiwe ukuta wa zamani, ule usio na mwisho. Kampuni moja kubwa ikaandika barua nzuri ikitaka kumlipa ajenge kuta mia za namna hiyo, zisizopitika. Kaka alimsomea mama barua hiyo, akaikunja, akasema hao wote hawakupenda alichokitengeneza. Walipenda kosa.

Jumamosi akaiondoa gemu mtandaoni. Miaka miwili ya kazi, kubonyeza mara mbili tu. Kidole alimshika mkono akamwomba asiifute kwa sababu yake.

"Siyo kwa sababu yako," kaka alisema. "Nilitaka kumtuliza mtu, nimemtoa mtoto wa watu shuleni. Siwezi kuiangalia tena." Akautoa mkono wake, kwa upole, na hilo ndilo lililomuuma Kidole kuliko yote.

Wiki iliyofuata kaka alianza kazi kwenye karakana ya kutengeneza majokofu. Yule mama wa mbali akaandika kwamba mwanawe amerudi darasani. Kaka mwenyewe akaanza kulala, akaanza kula, mashavu yakarudi. Ila hakumwita tena Kidole amjaribie kitu.

Siku moja, wakianua nguo, Kidole alishindwa kunyamaza. Alimwambia mama kitu kimoja kinamchanganya: asingedanganya, gemu isingevuma. Uongo wake ndio uliowapa yote yale.

Mama akampa ncha ya shuka wakunje pamoja.

"Ndiyo, na ubaya wake ndio huo, mwanangu. Uongo ukileta hasara mtu anautupa upesi. Ukileta sifa, anaulea. Ulimlisha kaka yako sifa ya bandia, naye akawa anakonda huku dunia inampigia makofi. Kuchoka si kosa. Ungesema, kaka nimechoka, nimeishia arobaini na moja, angekwambia nenda kacheze. Lakini yeye aliamini neno lako kuliko macho yake na vidole vyake. Hilo ndilo lililovunjika."

"Nitalirudishaje?"

"Kidogo kidogo. Useme kweli kwenye mambo madogo, yale ambayo hata ukidanganya hakuna atakayejua. Leo, kesho, keshokutwa. Na usimharakishe."

Jioni kaka alirudi ananuka mafuta ya mashine. Alinawa, akakaa, akamuuliza Kidole kama amemaliza hesabu za shule. Zilikuwa tano. Kusema ndiyo ilikuwa rahisi kama kupumua.

"Tatu," Kidole alisema. "Mbili sijafanya."

Zamani kaka angeishia hapo. Safari hii alinyoosha mkono, akachukua daftari, akahesabu kwa kidole chake kizito: moja, mbili, tatu. Kidole alisimama pembeni, anasubiri, uso unamchoma.

"Tatu kweli," kaka alisema. Akavuta kiti kingine karibu na chake. "Haya, tuanze na ya nne."