Kibali Kwenye Sanduku la Mama

Saa moja asubuhi, fundi makochi alikuwa amembeba mama yake mgongoni. Figo za mama zilikuwa zimechoka. Mara tatu kwa wiki alipelekwa hospitali kusafishwa damu. Akichelewa, zamu yake inapita, na usiombe uione miguu inavyovimba.

Gari lao lilikuwa mtaa wa tatu. Mbele ya nyumba hapakuwa na nafasi hata ya baiskeli. Tangu jengo la ofisi lifunguliwe pale barabara kuu, wafanyakazi wake walijaza magari mtaani tangu alfajiri mpaka usiku.

"Nishushe, mwanangu," mama alisema. "Watu wanatutazama. Nimekuwa gunia mie?"

"Gunia halina maneno mengi hivi, mama."

Mama alicheka. Lakini fundi alihisi machozi yake yakimdondokea shingoni.

Siku hiyo walichelewa. Waliporudi, fundi alipandwa na hasira, akapanga mawe makubwa mbele ya nyumba. Jirani yake, dada mmoja karani wa manispaa, akamkuta anatokwa jasho.

"Jirani, unajenga?"

"Nalinda nafasi yangu!"

"Nyumba ni yako, barabara ni ya wote. Zimamoto wakija watapita wapi? Toa mawe hayo. Njia ipo."

Akamweleza. Wakazi huandika ombi. Zaidi ya nusu ya nyumba zikitia saini, manispaa hutuma watu kuhesabu magari. Wakiona mtaa umezidiwa, kila nyumba yenye gari hupewa kibali. Saa za kazi, gari lisilo na kibali haliegeshwi hapo. Mgeni wako naye huombewa kibali cha siku.

"Na wale wa ofisini waende wapi?" mke wa fundi aliuliza kutoka mlangoni. "Nao ni watu."

"Jengo lao lina maegesho chini, shemeji. Ni uvivu tu wa kupanda ngazi."

Fundi na mkewe walipita nyumba kwa nyumba wakiomba saini. Baada ya miezi miwili, kibali kikaja. Mama alikipokea kwa mikono miwili.

"Eeh! Karatasi ya serikali, tena ina muhuri! Hii haiachwi juani."

Akakifunga kwenye kitambaa, akakilaza sandukuni pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Hakuna aliyembishia. Nyaraka zote za nyumba hiyo alizitunza yeye.

Jumanne asubuhi, siku ya hospitali, fundi alikuta gurudumu la gari lake limefungwa mnyororo, palepale mlangoni. Moyo ukampasuka paa!

"Mimi nina kibali!" alimwambia msimamizi wa maegesho.

"Kiko wapi?"

"Sandukuni kwa mama."

Msimamizi akashika kiuno. "Kaka, mimi nakagua magari. Masanduku sikagui."

Karani alikuwa anatoka kwenda kazini. Aliposikia, alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Jamani, kosa ni langu! Nilieleza yote, hili nikalisahau. Kibali kinakaa ndani ya kioo cha mbele, namba zionekane kutoka nje."

Mama akakileta, angali anakikunjua kwenye kitambaa. Msimamizi akalinganisha namba ya kibali na ya gari, akafungua mnyororo. Walifika hospitali zikiwa zimebaki dakika tano kabla ya zamu ya mama. Fundi alimshukuru Mungu kwa sauti, mpaka muuguzi akageuka.

Alhamisi, gari lilikuwa mlangoni, kibali kiko kwenye kioo. Fundi aliinama ili mama apande mgongoni.

"Inuka huko," mama alisema.

Akashika ukuta. Akapiga hatua moja, akapumzika. Ya pili. Hatua tisa, polepole, mpaka akaligusa gari. Karani alikuwa anapita. Mama akamshika mkono.

"Ahsante, binti yangu. Leo nimetoka nyumbani kwangu kwa miguu yangu mwenyewe."

 Karani akamfungulia mama mlango wa gari.